Jukwaa la kuangalia viboko: si pale, si vile, si bila sisi

Wandugu wa Uvira, wakaaji wa Kavimvira, Kilibula, Kimanga na kartye zote za pembeni ya ziwa, vijana wenzetu wa Bukavu, Goma na pahali popote munaposoma huu ukurasa,

Kuna mradi unaotembezwa mu mji wetu kwa sauti ya chini. Wanataka kujenga jukwaa la kuangalia wanyama pembeni ya mafunjo ya Ruzizi, upande wetu, pale mto unapokaribia kuingia mu ziwa Tanganyika. Jukwaa la beto na mbao, barabara ya magari, pahali pa kuegesha, na buvette yenye taa na muziki, ili wageni na matajiri wa mji wakae jioni na chupa baridi mu mkono wakiangalia viboko wanavyotoka mu maji. Mu karatasi waliyotuonyesha, kila kitu ni kizuri. Kuna hata mchoro wa mgeni mwenye kofia na darubini. Mu ule mchoro hakuna mvuvi. Hakuna mama anayekata mafunjo. Hakuna nyumba hata moja ya Kavimvira.

Tunasema wazi: hatukatai watu waje kuangalia wanyama wetu. Tunakataa lile jukwaa, pale pahali, kwa ile njia. Na tutaeleza sababu moja moja, juu kuna watu wameanza kutuita maadui wa maendeleo hata mbele ya kutusikiliza.

"Saini hapa, utapata kazi"

Nianze na mimi mwenyewe, ili mtu asiseme ninaficha kitu. Niko na diploma ya chuo kikuu, na niko bila kazi tangu siku niliyoipokea. Niliposoma, nilisoma mambo ya mazingira. Kwa hiyo walipotuita vijana mu kikao, nilivaa shati langu zuri nikaenda. Nilifikiri: leo wanatafuta mtu wa fani yangu.

Hawakutuuliza kitu. Walituletea soda, wakatuonyesha mchoro, kisha wakatembeza karatasi ya majina: "vijana wanaounga mkono mradi". Mmoja wao akaniinamia, akaniambia: "Kijana, wewe uko na diploma. Saini hapa, utapata kazi. Tutahitaji watu sawa wewe."

Nikamuuliza: "Muzee, utafiti wa athari kwa mazingira uko wapi?"

Akacheka. "Hiyo inakuja. Kwanza munataka kazi, ama hamutaki?"

Ninataka kazi. Mama yangu anauza ndakala ili nyumba ipate kula, na mimi mwanaume mzima ninangojea anipe feza ya kununua megabaiti. Ninataka kazi kuliko yule muzee anavyofikiri. Kalamu ilikuwa mu mkono wangu. Sikusaini, lakini sitawatukana wenzangu waliosaini. Njaa haijui kifungu cha sheria. Ninaowashitaki ni wale wanaotumia njaa yetu sawa muhuri wa kupitishia karatasi yao.

Yale si mapori ya bure

Mu kikao walisema ile sehemu ni "pori la bure, haina mwenyewe, haifanyi kitu". Vijana, hapa tusikubali hata kidogo. Mafunjo yanafanya kazi mchana na usiku, bila mshahara.

Ruzizi inatoka mu ziwa Kivu pale Bukavu na kushuka zaidi ya kilometa mia moja mpaka huku kwetu. Njiani inabeba udongo wa mashamba, takataka za mji, maji ya mvua kutoka nchi tatu. Ikifika mu mafunjo, maji yanapunguza mwendo. Udongo unashuka chini. Mizizi inashika uchafu. Maji yanayoingia mu ziwa yanakuwa na afadhali. Mule mule mu mafunjo ndimo samaki wengi wanatagia mayai na watoto wao wanajificha: ngege, kambale na wengine. Mvuvi wa Kavimvira hakusoma ikolojia, lakini muulize, atakuambia: ukikata mafunjo yote, utavua maji. Na hapa hapa Uvira tuko na kituo cha utafiti wa mambo ya maji, CRH, kinachochunguza hili ziwa tangu wakati wa wazee wetu. Watu wa mradi wangeweza kwenda kuuliza kwa miguu. Nilipowauliza kama walifika kule, hakuna aliyenijibu.

Kisha, mafunjo ni nafasi ya maji kupumzika. Tunakumbuka usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mulongwe ulishuka na mawe na matope, makumi ya watu wakafa, maelfu ya nyumba zikaenda. Ule ni mto wa mlimani, si Ruzizi, lakini ulitufundisha somo moja: maji hayasomi karatasi ya parseli. Na mwaka 2024, ziwa lenyewe lilipanda mpaka ndani ya nyumba za watu. Tumeona mitumbwi ikipita mu avenue. Tumeona familia zikibeba milango na mabati kichwani zikitafuta pa kulala. Wazee wakatuambia hawajaona maji ya namna hii tangu miaka ya 1960.

Sasa, kisha hayo yote, wanatuletea mradi wa kumwaga udongo na mawe mu mafunjo ili gari ipite bila kuchafua matairi. Ukijaza udongo pale maji yanapopumzikia, maji hayatafutika. Yatatafuta pengine. Pengine ni wapi? Angalia kwa macho yako: upande mmoja mafunjo, upande mwingine nyumba zetu. Anayesema mradi haugusi wakaaji, aje alale Kavimvira mwezi wa nne.

Kiboko haangalii programu ya watalii

Tuje kwa wenyewe wanaotaka kuangaliwa.

Mchana kiboko anakaa mu maji, juu ngozi yake haivumilii jua. Jua likizama anatoka, anapanda inchi kavu kula majani, hata kilo 40 usiku mmoja. Anapita njia zake zile zile, na mbele ya kuche anarudi mu maji kwa njia hizo. Hiyo ndiyo maisha yake yote: maji, njia, majani, njia, maji. Kila mkaaji wa Kavimvira anajua pia kwamba kiboko mwenye hatari kubwa ni yule aliyefungiwa njia ya kurudi mu maji, na mama mwenye mtoto.

Sasa angalia mpango wao. Jukwaa linawekwa pale pale wanapotokea, ili wageni wawaone karibu. Saa za kufungua ni jioni, saa zile zile wanazotoka. Taa zinawaka. Muziki unalia. Magari yanageuka. Mu karatasi yao wanaandika hiyo ni "vivutio". Kwa kiboko ni ukuta.

Atafanya nini? Hatabaki mu maji na njaa. Atatoka pengine: mu avenue ya watu, mu shamba la muhogo, pale watoto wanapochota maji. Na siku hiyo mgeni atakuwa juu ya beto, mita kadhaa kutoka chini, na simu yake inarekodi. Atakayekutana na kiboko chini ni mvuvi anayerudi na wavu, ama dada anayeenda kuosha vyombo. Kisha tutasikia: "Viboko wamekuwa wakali, lazima wapigwe risasi." Tutakuwa tumepoteza mtu, tumepoteza mnyama, na jukwaa litabaki likiangalia maji matupu.

Hiyo si hadithi ya kutishia watu. Inchi hii inajua namna viboko wanavyokwisha. Mu miaka ya 1970, mbuga ya Virunga ilikuwa na viboko karibu elfu 30, kundi kubwa kuliko pahali pengi pa dunia. Miaka 30 hivi baadaye, kisha vita na bunduki na biashara ya nyama, hawakufika hata elfu moja. Kiboko jike anazaa mtoto mmoja tu, kisha mimba ya miezi nane hivi. Ukiwamaliza kwa mwaka mmoja, kuwarudisha ni kazi ya kizazi kizima. Na wavuvi wa ziwa Edward wanajua kilichofuata: mavi ya kiboko ni chakula cha maji, na kiboko akikwisha, samaki nao wanapungua.

"Munapenda wanyama kuliko watu"

Hili neno tumelisikia, na linaumiza, juu nyuma yake kuna makaburi. Mu kartye zetu kuna familia zilizozika mtu wao kisha kiboko ama mamba. Hakuna mtu wa harakati yetu atakayeenda kwa ile familia kuimba uzuri wa kiboko.

Lakini tufikiri pamoja. Familia ya Kavimvira inahitaji nini? Inahitaji kiboko awe na njia yake, na mtu awe na njia yake. Inahitaji bomba la maji karibu, ili mtoto asiende mu mafunjo kwa giza. Inahitaji alama pale viboko wanapopita, na watu waliofundishwa wa kuonya kartye wanyama wanapotoka. Huu mradi unaleta nini mu hivyo vyote? Hakuna hata kimoja. Unaleta taa kwa buvette na kuacha avenue ya nyuma mu giza. Kwa hiyo nani hapa anapenda nani? Sisi tunaokataa jukwaa tunasimama na watu. Wao hawasimami na watu wala na wanyama. Wanasimama na kiingilio.

Na sisi vijana tusijifanye watakatifu. Nani hapa hajamuona rafiki yake akitupia kiboko jiwe ili ageuke, picha ipendeze? Nani hajatupa kichupa cha plastiki mu ziwa? Tukimaliza kusema na wakubwa, tuseme na sisi wenyewe pia.

"Burundi wanakula feza, na sisi tunalala"

Hoja nyingine inayopendeza mu kikao. Ni kweli, ng'ambo pale, karibu na Bujumbura, watu wanalipa kuona viboko wa mto huo huo mmoja. Lakini angalieni walichoanza nacho. Ng'ambo kuna mbuga ya taifa ya Rusizi, iliyoandikwa mu orodha ya dunia ya mkataba wa Ramsar tangu 2002. Hatusemi kila kitu kinaenda vizuri kwao. Tunasema walianza kwa kutenga pahali, kisha wageni wakaja.

Na sisi? Congo iliingia mu mkataba wa Ramsar mwaka 1996. Tumeandikisha pahali panne: mbuga ya Virunga, mikoko ya Bas-Congo, Ngiri-Tumba-Maindombe, na bonde la Lufira kule Katanga, hii ya mwisho mwaka 2017. Mafunjo yetu ya Ruzizi hayamo. Ndege anayevuka mto asubuhi anatoka pahali penye jina na kuingia pahali pasipo na jina, na maji ni yale yale. Inchi nne za ziwa, yaani Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kutunza Tanganyika mwaka 2003. Je, yule muzee wa soda anaujua? Ukitaka kuiga jirani, iga tangu mwanzo. Usiruke ulinzi na kukimbilia buvette.

Na hapa ndipo hofu yetu kubwa. Wote tunajua namna pahali pa watu wote panavyogeuka pahali pa mtu mmoja mu mji huu. Kwanza ni barabara "ya muda". Kisha ni uzio "wa usalama". Kisha nguzo za kupima. Kisha siku moja mvuvi anakuta mlinzi na mbwa, na karatasi yenye muhuri. Jukwaa ni mguu wa kwanza mu mlango. Ukiisha kujaza udongo wa kupitisha gari ya mgeni, umejaza pia wa kupitisha lori ya mchanga na matofali. Kisha miaka mitano watatuuzia parseli zenye "mtazamo wa viboko", na viboko hawatakuwapo.

Sheria iko, inalazwa mu droo

Hatuombi huruma. Tunaomba sheria ya inchi ifuatwe. Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 juu ya mazingira inasema mu kifungu cha 21: mradi unaoweza kuathiri mazingira lazima uwe kwanza na utafiti wa athari kwa mazingira na kwa watu, pamoja na mpango wa kuzisimamia, na vyote vikubaliwe. Kwanza. Mbele ya udongo, mbele ya beto, mbele ya soda. Kifungu cha 24 kinadai wakaaji waulizwe mbele ya mambo kuanza. Na Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira mazuri, na inampa pia kazi ya kuyalinda. Kwa hiyo tukisimama mbele ya lori hatuleti fujo. Tunafanya kazi tuliyopewa na Katiba.

Karatasi ya majina ya vijana waliokunywa soda si kuulizwa kwa wakaaji. Kuulizwa ni kutangaza mu kartye, kwa lugha watu wanayoisikia, kuonyesha ramani, kungoja, kuandika wanaokubali na wanaokataa, na kujibu.

Tunachotaka sisi

Hatutaki kusema "hapana" kisha kwenda kulala. Jukwaa zuri la kuangalia wanyama linawezekana Uvira. Mungu ametupa milima inayoanguka karibu ndani ya ziwa. Panda kidogo tu juu ya mji, utaona mdomo wa Ruzizi wote, mafunjo, mwari na korongo wakiruka, jua likitokea upande wa Burundi. Weka jukwaa juu ya udongo mgumu, mbali na njia za viboko, pahali ambapo hauhitaji kujaza maji hata toroli moja. Nunua darubini nzuri za kusimamisha. Jenga kwa mbao, weka ukuta wa matete wenye madirisha ili ndege wasishtuke. Bila muziki, bila taa za kumulika, na watu wawe wameteremka mbele ya giza. Vyoo viwe mbali na maji. Mgeni mwenye akili atalipa kwa hilo kuliko kulipa kusikia spika mu mafunjo.

Na kazi? Tuhesabu. Buvette itaajiri wahudumu wachache na mlinzi, na mwenye feza atakaa mu mji mwingine. Lakini waongozaji wanaojua ndege na njia za viboko, vijana wa kuhesabu wanyama kila mwezi, wavuvi wanaotembeza wageni kwa mtumbwi wakati wa mchana kwa umbali salama, kina mama wanaosuka mikeka ya mafunjo, watu wa kuonya kartye usiku: hizo ni kazi zinazodumu, na zinahitaji mafunjo yawe hai. Hapo ndipo diploma yangu ingekuwa na maana.

Kwa hiyo tunadai mambo matano:

1. Kazi yoyote ya kupima na kujaza udongo pembeni ya mafunjo isimame mara moja.
2. Utafiti wa athari ufanywe na watu wasiolipwa ili waseme ndiyo, na uwekwe wazi mu ofisi ya mji, mtu yeyote ausome.
3. Wakaaji wa Kavimvira na kartye za jirani, wavuvi na kina mama wa mafunjo wakiwamo, waulizwe hadharani.
4. Serikali ianze kazi ya kuyapa mafunjo ya Ruzizi upande wetu ulinzi wa sheria, wakizungumza na jirani wa Burundi.
5. Karatasi zote za ardhi zilizotolewa ndani ya mafunjo zionyeshwe: nani alipewa, lini, na nani alisaini.

Kwa vijana wenzetu waliosaini ile orodha: jina lako ni lako, unaweza kuliondoa. Andika barua ya mistari miwili, tutaipeleka pamoja nawe. Hakuna atakayekucheka. Kwa wengine: Jumamosi hii, asubuhi, tutatembea kwa miguu kutoka rond-point mpaka pembeni ya mafunjo. Bila mawe, bila matusi, bila kuchoma tairi. Kila mtu aje na mfuko wa kuokotea plastiki, na muzee mmoja wa kartye yake atuonyeshe njia za viboko zilikuwa wapi alipokuwa mtoto. Tutaziandika mu ramani yetu. Wao wako na mchoro wa mgeni mwenye kofia, na sisi tutakuwa na ramani ya watu wanaoishi hapa.

Na yule muzee aliyenipa kalamu, kama anasoma: bado ninatafuta kazi. Leta utafiti, leta ramani, toa udongo wako mu mafunjo, na mimi nitakuwa wa kwanza kusaini.

Uvira haiuzwi kwa chupa ya soda. Ruzizi ni yetu wote, na wanaokuja nyuma yetu pia.